Ukitaka Kulijua Koti

Wiki iliyopita, kwenye rundo la mitumba pale sokoni Karume, nilichomoa koti la kijani lenye bitana ya rangi ya chungwa. Ni lile la marubani wa Marekani liitwalo MA-1. Bitana ile haikuwa urembo: rubani akianguka porini, aligeuza koti nje ndani ili waokoaji wamwone.

Nikampelekea fundi anipunguzie mikono. Akapitisha kidole kwenye mshono, akatikisa kichwa. "Kaka, ukitaka kulijua koti, lifumue."

Kauli hiyo imenikumbusha Wajapani. Waliposhindwa vita mwaka 1945, Tokyo ilikuwa majivu. Pale Ueno, kando ya reli, lilizuka soko la magendo la Ameyoko, na humo zikauzwa nguo za askari wa Marekani. Kwa hiyo nao walivaa mitumba, kafa Ulaya kama tuitavyo, tena ya aliyewapiga mabomu juzi tu.

Sisi mwigaji tunamcheka: ukimwiga tembo utapasuka msamba. Lakini kuna kuiga kwa macho, na kuna kuiga kwa sindano. Wajapani walishika sindano. Kojima, mji wa pwani mkoani Okayama huko Japani, umekaa juu ya ardhi iliyoporwa baharini. Chumvi iliukataa mpunga, wakulima wakapanda pamba. Pamba ikaleta ufumaji, ufumaji ukaleta sare za wanafunzi. Miaka ya 1960 mafundi wa huko wakaanza kushona jinzi kwa kitambaa cha Marekani. Mwaka 1973 kiwanda cha Kurabo kikatoa denimu ya Kijapani. Leo Wamarekani wenyewe hununua Japani jinzi zilizoshonwa kama zile za babu zao.

Makoti nayo hayakuachwa. Chapa ya Kijapani ya Buzz Rickson's ilianza mwaka 1993, ikajipa jina la rubani aliyeigizwa na Steve McQueen katika filamu ya vita ya mwaka 1962. Hukusanya makoti makuukuu ya jeshi, huchunguza uzi, kitambaa na mshono, na hata zipu huitengeneza iwe kama ya zama zile. Koti lililoshonwa harakaharaka kwa ajili ya vita hushonwa upya kwa subira ya mtu asiye na adui.

Hapo ndipo ninapojitazama. Nimevaa mitumba tangu utotoni. Najua kuchagua, kupunguza bei, kutambua doa lisilotoka. Lakini katika miaka yote hiyo sijawahi kujiuliza mfuko ulishonwaje hata usichanike. Nguo imepita mwilini mwangu bila kuniachia ujuzi wowote.

Jana nilifuata koti langu kwa fundi. Mikono imenikaa sawasawa. Nilipokuwa nikilipa, nikaona ukutani, juu ya cherehani, karatasi ya mfuko wa saruji imetundikwa kwa msumari. Mkono wa koti umechorwa juu yake, vipimo vimeandikwa pembeni kwa penseli.

Sikumwuliza mchoro ule anautakia nini.