Kumuuliza Mtoto Anakula Nini

Uji wa lishe unasifiwa, na unastahili sifa. Mahindi, ulezi, soya na karanga, pengine na dagaa, husagwa pamoja, na kikombe kimoja cha asubuhi humshibisha mtoto hadi mchana. Shule nyingi za awali huupika kwa nia njema. Lakini kwa mtoto mwenye mzio wa karanga, kikombe hichohicho ni hatari. Ndani ya dakika chache midomo yaweza kuvimba, mwili ukatoka mabaka, koo likabana. Asipowahi kuchomwa sindano ya adrenalini, anaweza kufa.

Mwanangu ana mzio huo, na ana usonji. Bado hajaanza kusema. Mwenzake angelia, "Mwalimu, koo linaniwasha." Wangu ataziba masikio na kuanza kuzungukazunguka, na asiyemjua atadhani ndivyo alivyo siku zote.

Kwa hiyo namfungashia chakula mwenyewe: wali mweupe, kuku wa kuchemsha aliyechambuliwa, ndizi mbivu. Watu huuliza mbona simbadilishii. Watoto wengi wenye usonji huchagua chakula kwa rangi, harufu na jinsi kinavyohisika mdomoni. Mchuzi ukigusa wali, wangu hali tena. Mzio umekata vyakula vingi, usonji umekata vingine, na hivyo vichache vilivyobaki navithamini sana. Uji wake natwanga ulezi nyumbani, katika kinu ambacho hakijawahi kuonja karanga, maana mashine ya mtaani husaga karanga za huyu kisha mahindi ya yule, na vumbi linalobaki ndani lamtosha kumdhuru.

Katika Umoja wa Ulaya, tangu mwisho wa 2014, sheria inataka pakiti ya chakula ionyeshe waziwazi viambato 14 vinavyoleta mzio. Sisi twanunua kwa kopo na kwa fungu. Anayejua kilichomo ni aliyepika au aliyeuza, naye hasemi asipoulizwa.

Na kuuliza huku ndiko kunakonisumbua moyo, kwa sababu tumelelewa kukaribisha bila kuhoji. Mtoto anayemmegea mwenzake kashata anatenda tulichomfundisha, na sitaki afundishwe uchoyo kwa ajili ya mwanangu. Wala sitaki wangu aketishwe pembeni peke yake na chakula chake, akakua akiamini kwamba kula kwake ni kosa. Naamini ukarimu wetu una nafasi ya swali: huyu anakula nini? Anayeuliza kabla ya kutoa amempa mtoto zaidi ya chakula. Wapo wanaosema haya ni madeko ya watoto wa wenye nacho. Mzio hauchagui nyumba.

Darasani kwake wamekubaliana: karanga hazitiwi katika uji wa mtoto yeyote, zikaliwe nyumbani. Watoto hunawa kwa sabuni wakifika, kwa kuwa maji matupu huacha mabaki ya karanga vidoleni. Wazazi wengine walikuja kuniuliza wenyewe wafungashe nini siku ya sherehe, na sikuwa nimewaomba. Jambo hilo lilinipa nguvu kuliko pole zote nilizowahi kupewa.

Muhula ujao anakuja mpishi mpya. Nitamwahi jikoni tuzungumze habari za mafuta, unga na mwiko, kabla hajainjika sufuria ya kwanza.