USIMHUKUMU MTU KWA KADI YA CHAMA

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Leo tujiulize: je, ni haki kusema "watu wa chama kile wote ni wabaya"? Usijibu upesi.

Kumbuka vita ya 1998 mpaka 2003. Nchi yetu ilikatwa vipande. Goma, Bukavu na Kindu zilikuwa chini ya RCD, Gbadolite chini ya MLC, Kinshasa na Lubumbashi chini ya serikali. Mwalimu wa Kindu na mwalimu wa Lubumbashi walishika chaki ileile. Hakuna aliyechagua mtawala wake. Mstari wa vita ndio uliomchagulia. Kisha makundi yale yakageuka vyama, na katika uchaguzi wa 2006 majina yakatupwa: muasi, msaliti, muuza nchi. Katika duru ya pili, tarehe 29 Oktoba, Kabila alipata asilimia 58 na Bemba 42. Mamilioni kila upande! Je, wote hao wana moyo mmoja?

Nami nina deni langu. Mwaka ule, katika madrasa yangu, watoto walimwita mwenzao "mtoto wa waasi" kwa sababu baba yake alibeba kadi ya chama fulani. Nilisikia, nikanyamaza. Mtoto akaacha kuja. Nilikwenda kuomba radhi kwa baba yake, akanisamehe, lakini mtoto hakurudi. Alikuwa amefika Juzuu Amma. Alikosa nini?

Utaniambia: "Imam, damu ilimwagika, mali iliporwa. Tusahau?" Hapana. Aliyeua aitwe muuaji kwa jina lake, afikishwe mbele ya sheria. Aliyejua na kusaidia naye ajibu. Lakini ukisema "wao wote", unamficha muuaji katikati ya wengi. Na asiye na kosa, aliyeona kwa macho yake, ataogopa kutoa ushahidi, kwa kuwa umekwisha kumhesabu pamoja na wenye kosa. Tena, anayesema "wale wote ni waovu" hakawii kusema "sisi wote ni wema". Hapo mwizi wa chama chako amepata kivuli cha kulala.

Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Surat al-An'am kwamba nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine, na katika Surat al-Hujurat ametuonya tujiepushe na dhana. Usama bin Zayd alipomuua vitani mtu aliyekwisha kutamka shahada, akidhani ameitamka kwa kuogopa silaha, Mtume (s.a.w.) alimkemea vikali: je, alimpasua moyo akaona? Wewe umeona kadi tu.

Kipinge chama ukiona siasa yake ni mbaya. Hiyo ni haki yako. Lakini mtu muulize alichotenda. Leo tukimaliza swala, mtafute yule uliyeacha kumsalimia kwa ajili ya chama, umpe mkono. Na mtoto wake akija madrasa, mfanyie nafasi kwenye mkeka.

Wabillahi tawfiq.