Je, Maandiko ni ya Waumini Peke Yao?

Katika sharika zetu za Rungwe wamo watu ambao hatujui tuwaweke wapi. Walibatizwa utotoni, wakapata Kipaimara, wakaenda kusoma Mbeya au Dar es Salaam, na sasa wanasema wazi kwamba hawaamini tena. Lakini ukikaa nao, wanamtaja Ayubu, Mhubiri na mwana mpotevu kwa upendo kuliko baadhi yetu tunaokalia viti vya mbele. Ukitokea msiba, mmoja wao huomba asome somo la mazishi ya mama yake, na hapo wazee wa Kanisa hutazamana. Swali linalowasumbua ni la haki. Mtu aweza kupenda uzuri na hekima ya Maandiko bila kumwamini Mungu anenaye ndani yake? Na kama aweza, sisi tumjibu nini?

Jirani zetu wa Kenya walikutana na swali hili hadharani. Mwaka 1970 mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alialikwa kuhutubia mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki. Alianza kwa kuwaambia kwamba yeye si mtu wa Kanisa, wala hata si Mkristo, kisha akaeleza jinsi Kanisa lilivyoshikamana na ukoloni na kuudharau utamaduni wa watu. Mzee mmoja alisimama akamkemea, akimkumbusha kwamba yeye huitwa James, nalo ni jina la Kikristo. Baadaye Ngũgĩ aliliacha jina hilo.

Jina aliliacha, ila Biblia hakuiacha. Riwaya yake ya mwaka 1967, A Grain of Wheat, inachukua jina lake katika ile punje ya ngano inayopaswa kufa ardhini ndipo izae. Ndani yake mpigania uhuru Kihika anatembea na Biblia aliyoipigia mistari, na Mugo, aliyemsaliti, anasimama mbele ya umati na kukiri. Miaka kumi na moja baadaye, akiwa kizuizini Kamiti bila kushtakiwa, Ngũgĩ aliandika kwa Kikikuyu, juu ya karatasi za chooni, riwaya tunayoijua kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani. Humo mfano wa talanta unageuzwa kuwa kioo cha matajiri wanaojisifia wizi. Mtu aliyesema si Mkristo alilitafakari Neno hata gerezani.

Tukimwona mtu wa namna hiyo, huwa tunafanya moja kati ya mambo mawili. La kwanza ni kumfukuza: Kitabu ni chetu, asikiguse. La pili linaonekana la upole, lakini nalo halimheshimu: tunasema huyu tayari ni wetu, ila hajajijua. Amesema haamini, nasi tunamjibu kana kwamba hakusema neno. Mzee yule wa Nairobi alifanya yote mawili kwa pumzi moja, kwa kuwa alimkemea na papo hapo akamdai awe Mkristo kwa sababu ya jina.

Martin Luther anatusaidia hapa. Alipojibizana na Erasmus mwaka 1525, alisema uwazi wa Maandiko ni wa namna mbili. Uko uwazi wa nje, ambao kwa huo Neno limewekwa nuruni na kutangazwa kwa ulimwengu wote. Uko na uwazi wa ndani, wa moyo, ambao ni kazi ya Roho Mtakatifu peke yake. Huu wa pili hakuna anayejipatia, awe mchungaji au mwanakwaya. Lakini ule wa kwanza haukuwekewa mlango wenye kufuli. Asiyeamini akisoma mfano wa Msamaria mwema akaona kwamba jirani ni yule anayehurumia, ameona kweli. Kilichoandikwa pale ndicho alichokisoma.

Tukumbuke pia historia yetu. Wamisionari wa Berlin na wa Moravian walifika Unyakyusa mwaka 1891. Babu zetu wa kwanza kulisikia Neno walilisikia wakiwa hawajaamini, na kama lingekuwa la waumini peke yao, lisingefika kwetu. Hata jina Kyala, tunalomwitia Mungu katika Kinyakyusa, lilikuwa vinywani mwa watu kabla ya ubatizo wa kwanza. Na Biblia yenyewe haioni haya kupokea hekima kutoka nje. Yethro, kuhani wa Midiani, ndiye aliyemfundisha Musa kugawa kazi ya uamuzi. Paulo akiwa Athene alitumia maneno ya washairi wa Kiyunani.

Lakini mtu anaweza kusema, na ana sababu, kwamba kupenda uzuri bila kuamini ni hatari. Nabii Ezekieli anaonya, katika sura ya 33, juu ya watu wanaomsikiliza kama mwimbaji mwenye sauti nzuri, wanafurahi, kisha hawatendi. Onyo hilo ni zito. Ila tuangalie linamwendea nani. Wasikilizaji wa Ezekieli walikuwa watu wa agano, walioketi mbele yake kama watu wa Mungu. Ni sisi tunaosifu kwaya na kusahau somo kabla hatujafika kwenye migomba yetu. Kati ya asiyeamini anayeiacha punje ya ngano imsumbue miaka mingi, na muumini anayesinzia juu yake kila Jumapili, Ezekieli angetukemea sisi kwanza.

Hata hivyo sitasema kwamba tofauti haipo. Punje ya Ngũgĩ inakufa ili taifa lizae. Paulo, katika 1 Wakorintho 15, anazungumza juu ya wafu kufufuka. Yohana anasema wazi, mwishoni mwa sura ya 20, kwamba aliandika ili tuamini na kuwa na uzima. Anayeichukua hekima na kuiacha ahadi amepata kitu cha kweli, ila hajapata chote alichoandikiwa. Hilo nalisema kwa huzuni, na sioni sababu ya kulificha. Mama akishushwa kaburini, hekima inatufundisha kuhesabu siku zetu. Ni ahadi tu inayosema juu ya siku zake yeye.

Basi, yule kijana asome? Mimi humruhusu. Simtaki akiri asichokiamini mbele ya jeneza, wala simwombi aitikie Imani ya Mitume kwa midomo tu. Nampa Ayubu au Zaburi ya 90, naye husoma polepole, kama mtu anayejua uzito wa anachokibeba. Kisha mimi nasimama na kuhubiri ufufuo, maana hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Akitaka tuzungumze baadaye, mlango uko wazi. Asipotaka, Neno alilolisoma limesikika, na kazi ya moyoni si yangu.