Anayelipia Krismasi Yetu

Bonasi ya majani chai huingia Oktoba. Wakulima wa Imenti na Igembe, na wenzao wa Embu wanaopeleka majani katika viwanda vya Mungania na Rukuriri, huisubiri mwaka mzima, na karo ya Januari ndiyo huwa mbele katika hesabu zao. Ila kabla ya Januari kuna Desemba. Vijana wanarudi kutoka Nairobi, nauli inapanda, vipaza sauti vinanguruma nje ya maduka, na hakuna boma linalotaka kuonekana limeachwa nyuma. Sofa mpya, televisheni kubwa kuliko ya jirani, kreti za soda zilizopangwa hadi dirishani.

Sina ugomvi na sherehe. Mbuzi akichinjwa, na ndugu waliokosana wakala pamoja, hiyo ni neema. Kinachoniuma ni kwamba gharama huwaangukia wasiokuwa na usemi.

Bonasi ikiisha, simu ipo ya kukopea. Fuliza tumekuwa nayo tangu 2019, na Hustler Fund ilizinduliwa Novemba 30, 2022, msimu ukibisha hodi. Mkopo wake wa mtu binafsi hulipwa kwa siku 14. Piga hesabu: anayekopa Desemba 22 anadaiwa Januari 5, siku zilezile shule zinapofunguliwa. Mikopo ya simu imewafaa wengi, hata wagonjwa wamefikishwa hospitalini kwayo. Lakini aliyekopea soda na sofa, deni lake hubebwa na mtoto wa sekondari anayerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Mtoto huyo hakuulizwa lolote.

Na kuna wanaotuuzia. Mwaka jana, usiku wa Desemba 23, nilipanga foleni katika duka moja kubwa mjini Meru. Keshia alikuwa amevua viatu na kusimama juu ya katoni iliyokunjuliwa, miguu imemvimba. Nikamuuliza anasafiri lini.

"Kwetu ni Siakago, mama. Krismasi nitakuwa hapa hapa. Mtoto yuko na nyanya yake."

Alikuwa kibarua wa msimu, kazi yake ikiisha wiki ya kwanza ya Januari. Nyuma yangu mwanamume alimfokea kwa sababu mashine ya risiti ilikwama. Hakumjibu. Alifungua mashine, akaweka karatasi upya, akaendelea kupitisha bidhaa.

Wengine wamelipa zaidi. Novemba 28, 2008, katika duka la Walmart huko Valley Stream, karibu na New York, umati uliokuwa ukingojea bei za punguzo ulivunja milango alfajiri na kumkanyaga Jdimytai Damour hadi akafa. Alikuwa na umri wa miaka 34, naye pia kibarua wa msimu. Huku kwetu hatujafika huko, lakini yule mwanamume wa foleni alinitia hofu: hakumwona mtu pale kaunta, aliona kikwazo.

Wenye maduka wa Meru na Embu wanaweza kufunga Desemba 24 saa sita mchana, wawalipe vibarua siku hiyohiyo, ili wa Siakago apate gari la kwao kabla ya giza. Nasi tununue mapema. Unga, sukari na mafuta ya kupikia haviharibiki vikinunuliwa tarehe 15.