Gari la Fahari kwa Bei ya Mtumba: Je, Nyumbani Mmekubaliana?



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda mtaona halina nafasi katika ukurasa wa ndoa, yaani kununua gari. Mtaniuliza, "Mwalimu, gari na ndoa vina uhusiano gani?" Nami nawajibu kwamba katika miaka yangu ya kuwafundisha wachumba na kuwasikiliza waliokwisha kuoana, nimeona ndoa chache zilizotikiswa na mambo makubwa ya imani. Nyingi zilitikiswa na cherehani, ng'ombe, kiwanja na gari.

Jioni moja walinijia mume na mke wa huku kwetu, kati ya Ukunda na Msambweni. Wameniruhusu nisimulie habari yao bila kuwataja. Mume alifanya kazi miaka mingi katika mgodi wa titani hapa Kwale. Wengi mnajua historia yake: madini yalianza kusafirishwa nje kupitia Likoni mwaka 2014, na uchimbaji ukafika mwisho Desemba 2024. Basi mume huyu alirudi nyumbani na malipo yake ya mwisho. Mke anauza maandazi na viazi karai karibu na stendi. Wana watoto watatu, na mama mzazi wa mume ana ugonjwa wa sukari, huenda kliniki katika hospitali ya Msambweni.

Wakati huo mzee mmoja Mzungu wa Diani alikuwa akijiandaa kurudi kwao Ujerumani, naye alikuwa akiuza gari lake, Mercedes-Benz aina ya 124, lile lenye mgongo mrefu tuliitalo stesheni wagoni. Lilikuwa limetunzwa vizuri, viti vya ngozi havina hata mkwaruzo, na bei ilikuwa shilingi 600,000. Kwa bei hiyo, mume alisema, mtu hapati hata Probox ya kueleweka.

Mume alieleza sababu zake, na zilikuwa sababu nzuri. Buti ni kubwa, linameza masanduku ya watalii. Angewachukua wageni kutoka Diani hadi uwanja wa ndege wa Moi na kituo cha reli cha Miritini. Mama mzazi angefika kliniki bila kubanwa kwenye matatu. Kwaya ingepata pa kuweka ngoma zake. Alipomaliza nilimgeukia mke, nikamwuliza, "Na wewe Mama, unaonaje?" Akatazama chini, akasema, "Mimi sina neno, Mwalimu. Akishaamua Baba watoto, ni sawa." Mume akatabasamu. "Unaona? Tumekubaliana."

Wapendwa, hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu niliyatambua maneno hayo. Miaka kadhaa iliyopita mimi mwenyewe nilinunua pikipiki kwa fedha za akiba ya nyumba yetu. Nilimweleza mke wangu nia yangu, naye akanyamaza, nami nikauchukua ukimya wake kuwa ni baraka. Pikipiki ilipoharibika mwezi wa tatu, ndipo niliposikia yote aliyoyanyamazia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Siku ya arusi padre hakuridhika na kimya chetu. Alituuliza mmoja baada ya mwingine, akasubiri kila mmoja atamke kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya mashahidi. Kanisa linajua kwamba ridhaa isiyosemwa haijengi ndoa. Mbona basi, baada ya arusi, katika mambo yanayokula jasho la watu wawili, tunatosheka na mtu aliyetazama chini?

Nikawaomba warudi nyumbani wakafanye mambo mawili kabla ya kutoa hata shilingi moja: wahesabu, halafu waambiane ukweli.

Kwanza hesabu. Bwana wetu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama asije akachekwa msingi ukiwa umebaki peke yake. Mfano huo unafaa sana kwa magari yaliyotumika. Gari la kifahari likizeeka, bei yake huporomoka, lakini bei ya vipuri vyake haizeeki pamoja nalo. Unalinunua kwa bei ya maskini, kisha unalitengeneza kwa bei ya tajiri. Ndiyo maana linaonekana rahisi. Usione vyaelea, vimeundwa, na kila kilichoundwa hudai fundi.

Walimwendea fundi asiyefahamiana na muuzaji. Akawaeleza kwamba magari ya namna hiyo yaliacha kutengenezwa mwaka 1996. Kwa hiyo gari hilo, hata liwe linang'aa namna gani, lina umri wa karibu miaka 30. Upande wa nyuma lina mfumo wa mafuta ya shinikizo, wenye pampu inayoendeshwa na injini na matufe yenye gesi, unaoliinua gari lisilale linapopakiwa mzigo. Matufe hayo yakichoka, gari huwa gumu na hurukaruka kwenye matuta, na kuyabadilisha si sawa na kubadilisha shokamzoba za kawaida. Tena akainama chini na tochi, akawaonyesha jinsi hewa ya chumvi ya pwani ilivyokuwa imeanza kula bati karibu na matao ya magurudumu, mahali ambapo rangi ya juu haionyeshi kitu.

Kisha wakahesabu mafuta. Tuseme gari hilo linakwenda kilomita 8 kwa lita moja, na gari dogo linakwenda kilomita 15. Kutoka Ukunda hadi Likoni na kurudi ni kama kilomita 60. Kubwa litakunywa lita 7 na nusu, dogo lita 4. Lita ikiwa shilingi 180, kubwa linataka shilingi 1,350 na dogo shilingi 720. Tofauti ni shilingi 630 kwa safari moja. Kwa safari 25 katika mwezi, tofauti peke yake ni shilingi 15,750. Mke alipoiona hesabu hiyo alisema kwa sauti ndogo, "Hayo ni maandazi mengi."

Kuna mambo mengine ambayo kila familia iyaulize. Atakayebeba abiria kwa malipo anahitaji leseni na bima ya kazi hiyo, kwani bima ya gari la nyumbani haitoshi. Hakikisheni kupitia NTSA kwamba muuzaji ndiye mwenye gari, kwamba ushuru wake ulilipwa, na kwamba jina la mkopeshaji halimo katika logibuku. Tena msidanganyike kwamba logibuku ikiwa na jina la mume, gari ni la mume peke yake. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inachukulia kwamba mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja, huyo anaishika kwa niaba ya mwenzake pia, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sheria ya nchi inatambua wawili. Itakuwa aibu sisi tuliofunga ndoa kanisani tutambue mmoja.

Hesabu ni nusu ya kwanza ya kazi, na ndiyo nyepesi. Nusu ya pili ni kuambiana ukweli, nayo iliwachukua siku nyingi zaidi.

Waliporudi kwangu, mume alizungumza kwa shida. Alisema, "Mwalimu, zile sababu za watalii na kwaya ni za kweli, lakini si zote. Nilipokuwa kazini, asubuhi basi lilinichukua barabarani, watu wakanisalimu. Siku hizi nakaa kibarazani, vijana wanapita kama hawanioni. Nilitaka wanione bado ni mtu." Mkewe alimtazama kwa mshangao. Walikuwa wamelala kitanda kimoja miezi yote hiyo, naye hakuwa amelisikia neno hilo.

Kisha mke naye akasema lake. Baba yake alikuwa na Peugeot 504 ya kubeba abiria. Kila ilipoharibika, mbuzi mmoja aliondoka nyumbani, na mbuzi walipokwisha, likaondoka shamba. Aliona mama yake akinyamaza miaka yote. "Nami nikajifunza kunyamaza," alisema. "Lakini moyoni nilikwisha kukasirika kabla gari halijanunuliwa." Mume akamwuliza, "Mbona hukuniambia?" Akajibu, "Hukuniuliza, Baba watoto. Uliniarifu."

Wapenzi wasomaji, sikuwa na la kuongeza. Kuuliza na kuarifu ni vitu viwili tofauti, na nyumba nyingi zimeumia kwa kuvichanganya. Lakini tuwe waadilifu kwa wote wawili. Mke pia alikuwa na deni. Anayenyamaza huku moyo wake ukisema hapana, amemnyima mwenzake ukweli aliouhitaji ili aamue vizuri. Ukimya wa namna hiyo huonekana kama unyenyekevu, kumbe mara nyingine ni hasira inayosubiri siku yake.

Pengine mtaniuliza, je, kutamani gari zuri ni dhambi? Wazee wetu, baada ya uhuru, walibuni neno "Wabenzi", kana kwamba ni jina la kabila, kuwataja wakubwa waliopita ndani ya Mercedes-Benz huku raia wakitembea kwa miguu. Lilikuwa neno la kuchekesha lenye uchungu ndani yake. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, mwezi wa Julai 2013, aliwaambia waseminari na wanovisi kwamba humuuma kumwona padre au mtawa mwenye gari la kisasa kabisa. Alipofika Nairobi Novemba 2015, alipanda gari dogo la kawaida. Mfano huo ni mzuri, lakini tuangalie pia ulisemwa kwa nani. Watawa wameweka nadhiri ya ufukara. Mume na mke hawakuweka nadhiri hiyo. Waliahidiana wao kwa wao. Kwa hiyo kipimo chao cha kwanza si nembo iliyo mbele ya gari. Wajiulize kwanza: fahari hii inalipwa na nani? Ikiwa inalipwa na karo ya mtoto, na dawa ya bibi, na mgongo wa mke aliyeamka saa kumi alfajiri kukanda unga, basi hata gari dogo kuukuu ni la anasa. Mtu hujikuna ajipatapo.

Wala msidhani kwamba kupatana peke yake kunatosha. Katika Matendo ya Mitume tunasoma habari za Anania na Safira, mume na mke waliopatana kabisa juu ya fedha za kiwanja chao. Lakini walipatana katika uongo, na umoja wao haukuwaokoa. Nimewaona wenye ndoa waliokubaliana vizuri kukopa ili majirani wawaone. Walikuwa na nia moja, lakini ukweli haukuwamo.

Mtapenda kujua mwisho wa wale wawili. Hawakulinunua lile gari. Sehemu ya fedha wameanza kujengea vyumba viwili vya kupangisha, na mume anaendesha teksi ya mtu mwingine huku akijifunza kama kazi hiyo inalipa. Lile Mercedes lilinunuliwa na mtu wa Kwale mjini. Mume aliniambia kwamba likipita barabarani bado shingo yake inageuka. Nikamwambia hiyo si dhambi. Sasa mkewe akimwona amegeuka, hucheka, naye hucheka pamoja naye, na hilo hapo awali lisingewezekana.

Wala uamuzi wao si amri kwenu. Nawajua wengine, wote wawili wana mshahara na watoto wao wamekwisha kujitegemea, walionunua Volvo kuukuu ya namna hiyo hiyo ya mgongo mrefu. Waliweka kando fedha za matengenezo kabla ya kulipia gari lenyewe. Mke ndiye anayeshika daftari la gari, na walipatana tangu mwanzo juu ya kiasi ambacho, gari likikidai kwa mwaka mmoja, wataliuza bila kulaumiana. Wanalifurahia, nami nikipewa nafasi humo hupanda kwa furaha.

Basi, jioni moja wiki hii, watoto wakishalala, zimeni redio mkae pamoja. Kila mmoja amjibu mwenzake maswali haya, iwe mnataka kununua gari, friji au kiwanja:

1. Kitu hiki ninakitaka kwa sababu gani, na ni sababu ipi ambayo bado sijaitaja?

2. Kikishanunuliwa, ni nani atakayekilisha kila mwezi, na kutoka mfuko gani?

3. Kikiharibika, ni nani nyumbani atakayekosa haki yake kwanza?

4. Je, nilimwuliza mwenzangu, au nilimwarifu? Nami nilipoulizwa, nilijibu, au nilitazama chini?

Mkimaliza, msiamue usiku huo huo. Laleni kwanza. Muuzaji akiwaambia kwamba kesho gari halitakuwepo, mwambieni asante. Magari yanayouzwa katika pwani hii ni mengi, lakini mwenzi wa ndoa ni mmoja.

Mungu azibariki nyumba zenu.