Nyumba Hutazamwa Mchana

Wanangu mnaotafuta nyumba za kupanga hapa Mowlem, na nyinyi wachache mliojaliwa kiploti na sasa mnajenga, nina neno kuhusu huu mlango wa kioo wa chumba cha kulala ambao kila bango la nyumba mpya linautangaza. Nyumba hutazamwa mchana, lakini chumba cha kulala hutumika usiku. Mtu anafika Jumamosi saa nane, jua linawaka, keateka anamfungulia, anakuta mlango wa kioo wa kutokea balkoni na mwanga umetanda sakafuni. Roho inatulia. Anatuma kodi ya mwezi kwa simu akiwa amesimama hapo hapo. Chumba hicho saa tatu usiku hajakiona, na ndicho anachokilipia.

Sisemi kioo ni kibaya. Sisi wakongwe wa Eastlands tunakumbuka makazi yalivyoanza. Dandora, majirani zetu, ilipopangwa miaka ya 1970 kwa fedha za Benki ya Dunia na Baraza la Jiji, ploti kama 6,000, mtu alipewa choo, bafu na pengine chumba, mengine akajijengea mwenyewe polepole. Nyumba zilikuwa za chini, zenye ua katikati, na jua liliingia lilivyotaka. Leo fleti zimepanda ghorofa sita, saba, nane, zimebanana mabega, na chumba cha nyuma hakijui kama kumekucha. Taa inawashwa saa sita mchana, tokeni za stima zinayeyuka, nguo kabatini zinaota ukungu, mtoto anasoma amekunja uso. Chumba kama hicho ukikiwekea mlango wa kioo umekisaidia kweli, na anayekwambia eti kioo ni majivuno hajawahi kulala humo. Ila kumbuka kwamba mwanga si hewa. Kioo kilichofungwa kutwa kinaleta mwangaza na kuzuia upepo, na kinachofukuza vijidudu vya kifua kikuu chumbani ni hewa inayoingia na kutoka. Dai mlango unaofunguka kweli, au uwe na kidirisha juu yake.

Sasa njooni usiku. Kioo kina tabia moja ambayo muuzaji haitaji: aliye kwenye giza humwona aliye kwenye mwanga. Mchana wewe uliye ndani ndiye unayetazama nje. Jua likitua, taa ikiwaka chumbani, mambo yanageuka, na dirisha la fleti ya ng'ambo liko karibu kiasi cha kuombana chumvi. Wengine hukimbilia kubandika tinti ile inayong'aa, ambayo mpita njia akiitazama mchana anajiona mwenyewe. Inafanya kazi mchana tu. Usiku inafanya kinyume: wewe ndani unajiona mwenyewe kwenye kioo, unadhani umesitirika, na watu wa ng'ambo wanakuona mzima mzima. Pesa imekwenda na sitara haikupatikana.

Kile kioo kilichokwaruzwa kwa mchanga kikawa cheupe cheupe ni bora, lakini nacho kina hila zake. Ule upande wenye mikwaruzo ukilowa maji unaanza kuonyesha, kwa hiyo mlango wa bafu la chumbani ukiwekwa upande huo ndani kwenye mvuke, fundi amekuuza. Hata kipande cha selotepu kikibandikwa juu ya mikwaruzo kinafungua kijitundu cha kuchungulia, na watoto hawachukui muda kugundua. Tena kioo hicho kikiwa kikavu na safi, taa ikiwa nyuma ya mtu, kivuli chake kinaonekana chote, kila anachofanya.

Hapo ndipo ninapoukataa kabisa mlango wa kioo kati ya sebule na chumba cha kulala. Nyumba nyingi za hapa ni chumba kimoja cha kulala na sebule, na mgeni analala kwenye kochi. Mgeni huyo siku moja atakuwa mama mkwe. Sisi Waluhya na Wakamba, tuliojaa hapa, tuna miiko mikali kati ya mkwe na mkwe. Kuna nyumba ambako hata kupeana mkono ni shughuli. Sasa umlaze mama wa watu mbele ya kioo chenye kukuonyesha kivuli ukivua shati? Hatasema neno. Asubuhi atakunywa chai, atasema ana haraka ya basi, na hutamwona tena hadi mazishini. Wapwani walilijua hili zamani. Nenda Lamu, kwenye nyumba za mawe za karne ya 18: unapita daka la mlangoni, unafika kiwandani, yaani uani, kisha misana, vile vyumba virefu, mmoja nyuma ya mwingine, na chumba kiitwacho ndani kiko nyuma ya hiyo misana. Mgeni anakoma mbele. Sisi fleti zetu hazina nafasi ya misana, basi mlango wa mbao ndio unaofanya kazi hiyo yote.

Twende kwenye kioo chenyewe, maana hapa watu huumia. Waliokuwa mjini Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 hawahitaji kuelezwa. Ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa, watu 213 walikufa hapa Nairobi na maelfu wakajeruhiwa, na wengi kati ya waliopoteza macho hawakuwa hata ndani ya ubalozi. Walikuwa kwenye maofisi ya jirani. Walisikia kishindo cha kwanza, wakainuka, wakaenda dirishani kutazama kuna nini, halafu bomu lenyewe likalipuka. Kioo cha kawaida kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha na makali. Hakihitaji bomu, mtungi wa gesi wa jirani unatosha, na hata mtoto anayekimbia gizani stima ilipopotea anatosha.

Ziko namna tatu za kioo, na lazima uzijue kabla hujalala karibu nacho. Cha kwanza ni hicho cha kawaida. Cha pili kimepashwa moto kupita digrii 600 kisha kikapulizwa hewa baridi ghafla. Ni kigumu zaidi, na kikivunjika husambaratika vipande vidogo visivyo na makali sana. Ndicho kilicho kwenye madirisha ya pembeni ya gari. Mmeviona vipande vyake steji baada ya fujo, mtu anavifagia kwa ufagio na hakatiki. Cha tatu ni vioo viwili vilivyogandishwa na utando wa plastiki katikati, kama kile cha mbele cha gari: kinapasuka lakini kinabaki mahali pake.

Utajuaje ulichouziwa? Kile cha pili kwa kawaida huwa na muhuri mdogo kwenye pembe, na hakikatiki wala kutobolewa baada ya kupitia moto. Vipimo hupelekwa kwanza, ndipo kioo kipikwe. Kwa hiyo mtazame fundi wako. Akija na shiti la kioo begani, akalilaza juu ya gunia pale balkoni, akapitisha kikatio kile cha almasi kwa rula, ukasikia mlio mwembamba, kisha akaligonga kwa chini likakatika kwenye mstari, basi huyo anakuwekea kioo cha kawaida, hata kama risiti imeandikwa vingine. Mwambie asimame. Kwa dirisha la juu lisilofikiwa na mtu kinafaa. Kwa mlango, kuanzia sakafuni, karibu na kitanda cha mtoto, hapana. Kama landilodi hataki gharama, basi nusu ya chini ya mlango iwe chuma au mbao na kioo kianzie kiunoni. Hiyo ndiyo milango ambayo mafundi wetu wa kuchomelea wamekuwa wakiitengeneza miaka yote, na sijaona kwa nini imechukiwa.

Najua mtaniambia habari ya wezi. Mlango wa kioo ghorofa ya chini, au ya kwanza penye ukuta wa kupandia, unataka grili. Hilo halina ubishi. Lakini grili yenyewe inafunguliwa vipi, na nani, gizani, chumba kimejaa moshi? Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001 bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, liliteketea na wavulana 67 wakafa. Madirisha yalikuwa na vyuma na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Nikipita hapa mtaani natazama juu naona balkoni zimezungushiwa chuma kuanzia chini hadi dari, zimechomelewa moja kwa moja, hata kijilango hakuna. Nyuma yake mlango mzuri wa kioo. Mlango gani huo usiotokea popote? Grili iwe na kijilango, kifunguke kutoka ndani, na ufunguo ukae mahali pamoja usiku na mchana, pasipofikiwa kwa mkono kutoka nje, panapojulikana na kila anayelala humo.

Kuna na baridi. Mwezi wa saba Nairobi unaujua, na kioo chembamba hupoteza joto upesi kuliko ukuta wa mawe. Chumba chenye ukuta mzima wa kioo kinakuwa baridi, na hapo ndipo mtu anapofanya jambo ninaloliogopa kuliko mwizi: anaingiza jiko la makaa chumbani, anafunga mlango wa kioo sawasawa, analala. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia iliyokutwa haina uhai asubuhi. Pazia zito linalogusa sakafu na blanketi la pili ni rahisi kuliko makaa. Ukiweza kuchagua, usichukue chumba ambacho kioo chake kinatazama machweo: kuanzia Januari hadi Machi jua la alasiri linakioka hadi saa ya kulala.

Neno la mwisho kuhusu kioo ni la kukisifu. Jengo likianza kucheza, kioo husema mapema. Mlango uliokuwa unateleza vizuri ukianza kukwama, fremu ikipinda, ufa ukitokea kwenye pembe ya kioo ambacho hakuna aliyekigonga, usikimbilie kumwita fundi wa kuubadilisha tu. Tazama ukuta ulio juu yake, tazama nguzo, waulize majirani wa juu na wa chini kama yao inakwama. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua, jengo la ghorofa lilianguka pale Huruma na watu zaidi ya hamsini wakafa. Ukiona dalili hizo, ripoti kaunti, na ukalale kwa ndugu.

Basi kabla ya kutuma hela, rudini kuiona nyumba baada ya saa moja jioni. Mmoja awashe taa chumbani, mwingine asimame kwenye ngazi za fleti ya ng'ambo atazame. Kagueni muhuri wa kioo, fungueni grili wenyewe kwa mkono, ulizeni ufunguo. Landilodi akikasirika kwa maswali hayo, muageni kwa heshima. Nyumba za kupanga Mowlem ni nyingi.