Ee Nafsi Yangu: Jinsi ya Kusema na Moyo Uliofadhaika

Masomo: Zaburi 42 na 43, Mithali 16:32



Gurudumu la lori likipasuka usiku, wako wanaoruka kitandani tayari kukimbia. Wengine wetu tulivuka kutoka Yei mwaka 2016, wengine kutoka Kongo. Miaka imepita, lakini mwili haujasahau. Kisha mtu huyo anaambiwa, "Ungekuwa na imani usingeogopa." Wapendwa, neno hilo si la haki.

Ndani ya ubongo Mungu ameweka sehemu ndogo iitwayo amigdala. Hiyo ni mlinzi: ikihisi hatari hupiga kengele kabla hujawaza lolote. Kusikia kengele si dhambi. Lakini nyuma ya paji la uso ameweka ubongo wa mbele, ambao ni kama mzee wa kijiji. Mzee anachunguza na kusema, "Hilo ni gurudumu tu, kaeni." Tatizo ni kwamba mzee huyu hudhoofishwa na kukosa usingizi, na pombe, na mashaka ya muda mrefu. Ndipo baba anampiga mtoto kwa sababu ya kikombe, na majirani wanashikiana panga kwenye foleni ya maji. Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, mashaka yameongezeka katika nyumba nyingi. Hasira hasara.

Sasa mtazame mwimbaji wa Zaburi, naye yuko mbali na kwao. Anafanya mambo matatu. Anaitaja huzuni yake. Anaiuliza nafsi yake sababu. Kisha anaielekeza imngoje Mungu. Wataalamu nao wameona kwamba mtu akilitaja kwa jina jambo analolihisi, ubongo wa mbele hufanya kazi zaidi na kengele hupungua.

Hata hapa West Nile jambo la namna hii limepimwa. Katika kambi ya Rhino, wanawake 694 wa Sudan Kusini kutoka vijiji 14 walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Baadhi yao walihudhuria vikao vitano, wakisikiliza mafundisho yaliyorekodiwa, wakiwa na kitabu cha picha. Walijifunza kutulia, kuyatambua mawazo mazito bila kuburutwa nayo, na kujihurumia. Miezi mitatu baadaye mateso yao ya moyo yalikuwa yamepungua kuliko ya wenzao ambao hawakuhudhuria. Kwa hiyo tusimzuie mtu kwenda kwa washauri au kliniki tukidhani amemwacha Mungu. Aliyeumba ubongo ndiye anayeuponya, naye hutumia mikono mingi.

Wiki hii hasira au hofu ikija, kabla ya kuinua mkono: simama, vuta pumzi polepole, useme, "Bwana, nina hofu," au, "Bwana, nina hasira." Kisha jiulize, "Hatari iko hapa leo, au ni ile ya zamani?" Wazazi, wafundisheni vijana kwa upole, maana mzee wa ndani yao bado anakua mpaka wapite miaka ishirini.

Mithali inamweka anayeitawala roho yake juu ya anayeteka mji. Sisi tumewaona wateka miji. Tunajua walichoacha nyuma yao.

Na usikate tamaa kengele ikirudi. Mwimbaji alisema na nafsi yake mara tatu: 42:5, 42:11 na 43:5. Mara moja haikumtosha.

Mungu awabariki. Amina.